Mafuta ya Vyungu Vyetu na Akili za Wazee Wetu

Mhadhara uliotolewa Ndagoni, Mafia, baada ya swala ya Alasiri



Himda zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mnaosikiliza nyuma ya pazia:

Katika Qur'ani Tukufu zipo aya mbili, moja katika Suratun-Nahl (aya ya 70) na nyingine katika Suratul-Hajj (aya ya 5), ambazo wengi wetu tunazisoma na kuzipita. Humo Mwenyezi Mungu anawataja wale wanaofikishwa kwenye umri ulio dhaifu kabisa. Na zingatieni kuwa alama iliyotajwa ya umri huo haikuwa magoti, wala macho, wala meno. Alama iliyotajwa ni kupotea kwa elimu aliyokuwa nayo mtu.

Jambo hili Waarabu huliita kharaf, madaktari wetu huliita demensia, nasi watu wa pwani husema tu kwamba mzee amerudi utotoni. Mzee aliyekwisha kuswali Adhuhuri anasimama kuiswali mara ya pili na ya tatu. Bibi anamtuhumu mkaza mwanawe kuwa ameiba kanga zake, kumbe amezificha mwenyewe chini ya godoro. Mvuvi aliyeujua kila mwamba kuanzia hapa hadi Ras Kisimani haioni njia ya kutoka msikitini kurudi nyumbani kwake. Hapo ndipo maneno yanapoanza: karogwa, kapandwa na jini, amepatwa na laana, na fedha iliyochumwa kwa jasho inapelekwa kwa mganga. Na lililo baya zaidi, hutokea mzee wa namna hii akashikwa mkono, kidole gumba kikapakwa wino, na shamba la minazi likawa limeuzwa. Katika sheria ya dini yetu mauzo ya mtu aliyepotewa na akili hayasihi. Hilo nalisema kwa kupita, kwani lina darsa yake.

Mada ya leo ni chungu. Nimeombwa nizungumzie mafuta tunayokula na akili ya uzeeni, kwa sababu zimeenea habari katika simu za vijana wetu kwamba mafuta ya nazi ni dawa ya usahaulifu, na wapo wanaosema kinyume chake, kwamba nazi ndiyo inayotuua. Kisiwa chetu ni kisiwa cha minazi. Ikiwa nazi ni dawa, basi tuwanyweshe wazee wetu kwa vijiko. Na ikiwa ni sumu, basi tumekula sumu tangu enzi za mababu. Mimi si tabibu. Nitakayoyasema ni yale yaliyochunguzwa na kuchapishwa na wenye fani yao, na Muislamu ameamrishwa awaulize wenye kujua katika asilolijua.

Tuanze na ubongo wenyewe. Uzito wake ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Ukiuondoa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Hapo baadhi ya watu hukimbilia kusema: basi na tule mafuta kwa wingi tuulishe ubongo! Hoja hii ni dhaifu. Lehemu, ile ambayo hospitalini mnaisikia ikiitwa kolesteroli, ubongo huitengeneza wenyewe ndani kwa ndani, na iliyomo katika damu haipenyi humo isipokuwa kidogo mno. Mwenye kula mafuta mengi ili aongeze akili ni kama mwenye kumwaga maji juu ya paa ili mtungi ulio ndani ujae.

Mafuta ya chungu huufikia ubongo kwa njia nyingine, nayo ni njia ya mishipa ya damu. Lehemu mbaya ikizidi katika damu kwa miaka mingi hujijenga kwenye kuta za mishipa, kama uchafu wa baharini unavyojijenga chini ya ngalawa isiyopandishwa ufukweni ikasafishwa. Mshipa hupungua upana na kuwa mgumu. Mshipa mkubwa ukiziba, mtu huanguka kwa kiharusi na kila mtu akaona. Lakini ipo mishipa midogo, myembamba kama nyuzi, ambayo huziba mmoja baada ya mwingine bila mgonjwa kuanguka wala kulalamika. Kila unapoziba, kipande kidogo cha ubongo hufa. Baada ya miaka kumi au ishirini watu husema mzee amebadilika ghafla, ilhali jambo lilianza siku nyingi. Si kila usahaulifu chanzo chake ni hiki. Yapo maradhi ya ubongo yanayoanza humo humo, na hata hayo huenda vibaya zaidi mishipa ikiwa mibovu.

Je, jambo hili lipo kwetu Tanzania, au ni maradhi ya Wazungu? Lipo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Yaani takriban mzee mmoja katika kila 16. Hao ni wakulima wa vijijini, si matajiri wa mjini. Ama kiharusi, kilihesabiwa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika sehemu mbili, Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, kwa mwaka mmoja walipatikana wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Ni nchi moja, na tofauti inakaribia mara tatu! Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na sitaki mtu atoke hapa akisema maalim kasema ni mafuta peke yake. Lakini hapana shaka kuwa mtu anapohama kutoka shamba kwenda mjini, chungu chake nacho huhama. Na siku hizi, ndugu zangu, mji hauhitaji kufuatwa. Unakuja wenyewe kwa boti.

Sasa tuje kwenye nazi. Habari inayozunguka asili yake ni Marekani. Mwaka 2008 daktari mmoja wa watoto wachanga huko Florida, Mary Newport, alianza kumpa mumewe, aliyekuwa na maradhi ya usahaulifu, mafuta ya nazi, akaona nafuu, akaandika na kutangaza. Fikra yake haikuwa ya ovyo. Baadhi ya mafuta ya nazi yakifika kwenye ini hugeuzwa kuwa vitu viitwavyo ketoni, na ubongo unaweza kuzitumia ketoni kama kuni mbadala pale unaposhindwa kuitumia sukari vizuri. Lakini nafuu ya mtu mmoja, inayosimuliwa na mkewe ampendaye, haitoshi kuwa hoja. Sisi wanafunzi wa hadithi tunalijua hili zaidi ya watu wengine: habari ya mpokezi mmoja huangaliwa sanadi yake, tena hutafutwa wapokezi wengine wa kuithibitisha. Hadi leo hapana jaribio kubwa lililothibitisha kuwa mafuta ya nazi yanatibu au yanazuia usahaulifu. Mumewe alifariki mwaka 2016. Kwa hiyo, anayekuuzia chupa ya mafuta ya nazi kwa bei ya dawa, akikuahidi kuwa baba yako atarudiwa na kumbukumbu zake, anakuuzia mafuta tu.

Na upande wa pili? Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale ya aina inayoganda kwenye baridi, na aina hiyo hupandisha lehemu mbaya. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalithibitisha kuwa mafuta ya nazi huipandisha zaidi kuliko mafuta ya alizeti, ya soya na mfano wa hayo. Hilo ni la kweli na tusilikatae kwa mapenzi ya kisiwa chetu. Hata hivyo iko habari nyingine inayotuhusu mno. Katika bahari ya Pasifiki, upande wa Papua New Guinea, kipo kisiwa kiitwacho Kitava. Watu wake walikuwa wakila viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi, kila siku nazi. Daktari wa Sweden, Staffan Lindeberg, aliwachunguza, na mwaka 1993 akachapisha kwamba kiharusi na maradhi ya mishipa ya moyo vilikuwa kama havipo kwao, juu ya kuwa wengi wao walikuwa wavutaji wa tumbaku.

Wazee wangu mliopo hapa, mkiambiwa mkitaje chakula cha babu zenu, je, hamkitaji hicho hicho? Muhogo, magimbi, samaki, mchuzi wa nazi. Tui lilikamuliwa, kasimile ikatiwa mwishoni, na chungu kimoja kikaliwa na watu kumi. Mlaji alikuwa ametembea hadi shamba na kurudi, au amevuta nyavu tangu alfajiri. Hakuwa mnene. Hakutia sukari vijiko vinne katika kikombe. Mafuta yaliingia mwilini mwake pamoja na samaki na majani, na mwili ukawa na kazi ya kuyatumia. Ndiyo maana nasema tusimhukumu nazi peke yake. Tumhukumu pamoja na majirani zake sahanini.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni karai. Asubuhi maandazi ya kukaanga, mchana samaki wa kukaanga, jioni chipsi au mihogo ya kukaanga kando ya njia, na mwezi wa Ramadhani ndio mwezi wa karai hasa: sambusa, bajia, kachori, katlesi. Mwezi wa kufunga umekuwa mwezi wa kunenepa! Mafuta yenyewe ni ya kupima kutoka dukani, na yale ya jana hayamwagwi. Huchujwa, yakaongezewa mapya kidogo, yakarudi motoni. Yanakuwa meusi, yanatoa moshi na povu. Mafuta yanayochemshwa tena na tena namna hii huharibika asili yake, yakazaa vitu vinavyodhuru mishipa. Ninajua kuwa mama anayeuza maandazi hana uwezo wa kumwaga lita ya mafuta kila siku, na sisemi haya kumlaumu. Lakini yakishakuwa meusi na kutoa harufu, hayo tena si chakula, na kumlisha mteja kitu unachojua kinamdhuru kina hisabu yake.

Liko pia lile gumu, mafuta ya mgando ya kopo na siagi za kiwandani. Baadhi ya hayo hutengenezwa kwa kuyalazimisha mafuta ya maji yagande, na njia hiyo huzaa kitu kinachoitwa mafuta ya transi, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote kwa mishipa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyataka mataifa yote yayaondoe mafuta haya katika vyakula ifikapo mwaka 2023. Kuhusu ubongo hasa, uko utafiti wa mji wa Hisayama, Japani, uliochapishwa mwaka 2019. Walifuatiliwa watu 1,628 wenye miaka 60 na zaidi ambao hawakuwa na demensia, kwa muda wa takriban miaka kumi, na 377 kati yao wakapatwa nayo. Wale ambao damu yao ilikuwa na mafuta ya transi kwa wingi walipatwa zaidi, kwa kiasi kinachozidi nusu, kuliko waliokuwa nayo kidogo. Na chakula kilichochangia zaidi mafuta hayo kwa watu wa Hisayama kilikuwa ni vitafunio vitamu vya unga. Basi unaponunua kopo au biskuti, soma maandishi yake. Ukiona yameandikwa kuwa mafuta yake yamegandishwa kwa hidrojeni, yaache.

Huenda mtu akauliza: kubadili mafuta ya jikoni kunaleta tofauti gani kwa watu wengi? Jibu lipo katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Mwaka 1987 Serikali ya Mauritius iliyabadili mafuta ya mgao ya wananchi wake, yaliyokuwa kwa sehemu kubwa ni ya mawese, yakawa ya soya. Walipopimwa tena mwaka 1992, wastani wa lehemu katika damu ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 15, na watafiti walihesabu kuwa sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na mafuta. Sisi hatuna mgao, kila mtu hujinunulia. Lakini alizeti inalimwa nchini mwetu, na anayeweza kuichanganya katika matumizi yake afanye hivyo, huku tui akiliacha kwa siku na vyakula vyake.

Nije kwenye samaki, na hapa nina neno na wavuvi. Mwaka 1996 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Lugalawa, wilaya ya Ludewa, ambayo leo iko mkoa wa Njombe. Walilinganishwa watu wa asili moja, zaidi ya 1,200: kundi moja likiishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku, na jingine likiishi milimani na kula mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, wastani wa 123 kwa 72, na wenzao 133 kwa 76. Lehemu yao pia ilikuwa chini. Hawa ni Watanzania, hawakumeza kidonge chochote, walikula samaki wa ziwani kwao.

Samaki wetu wenye mafuta mazuri, yale yaitwayo omega-3, ni dagaa, vibua, jodari na wenzao. Nao ndio tunaowapakia kwenda Dar es Salaam, tukarudi na mafuta ya mgando na biskuti. Simkatazi mtu biashara, riziki ni riziki. Ila mvuvi asiyebakiza fungu moja la dagaa kwa mama yake mzazi amefanya biashara ya hasara, hata kama mfukoni ana fedha.

Na namna ya kupika ina sehemu yake. Huko Marekani wazee wa miaka 65 na zaidi walipigwa picha za ubongo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliokula samaki wa kuoka au kuchoma mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na upungufu wa takriban asilimia 26 wa yale makovu ya kiharusi kilichojificha, wakilinganishwa na waliomla kwa nadra. Kwa samaki wa kukaanga faida hiyo haikuonekana. Basi mchemsheni, mchomeni, mtieni katika mchuzi. Ng'onda naye ni samaki, lakini chumvi yake hupandisha shinikizo la damu; mroweke kwanza na maji ya kumwaga.

Wako watakaosema: tununue vidonge vya mafuta ya samaki. Mwaka 2012 yalipitiwa majaribio matatu yaliyohusisha zaidi ya wazee 3,500 wenye afya njema, na vidonge hivyo havikuonekana kuwalinda na kudhoofika kwa akili. Fedha ya kidonge nunueni dagaa wabichi.

Ndugu zangu wa rika langu, miaka thelathini, arobaini, hamsini, msidhani mhadhara huu ni wa wazee. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilihesabu mambo 14 ambayo yakirekebishwa, takriban asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na lehemu mbaya iliyozidi katika umri wa kati ni mojawapo. Umri wa kati ndio huu wetu. Mishipa ya mzee wa miaka 75 hujengwa au kubomolewa alipokuwa na miaka 45.

Na mafuta pekee hayatoshi ikiwa shinikizo la damu limeachwa. Huko China, katika vijiji 326, karibu watu 34,000 wenye shinikizo la juu la damu waliingizwa katika jaribio. Nusu ya vijiji waganga wa vijijini, wasiokuwa madaktari wakubwa, walifundishwa kuwapima na kuwapa dawa kwa utaratibu hadi shinikizo lishuke. Baada ya miaka minne demensia ilipungua kwa asilimia 15 katika vijiji hivyo. Habari hii ilitoka mwaka 2025. Kipimo cha shinikizo ni cha dakika chache katika zahanati. Aliyevuka miaka arobaini na hajapimwa mwaka huu, aende wiki hii, na aliyepewa dawa asiiache kwa kuwa amejisikia vizuri. Kujisikia vizuri huko ndiko kazi ya dawa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wale ambao tayari wana mzee aliyepotewa na kumbukumbu nyumbani. Haya niliyoyasema ya kupunguza mafuta msiyachukue mkaenda kumnyima. Mzee wa miaka themanini na tano mwenye maradhi haya husahau kula, hukataa chakula, hukonda mpaka nguo zinamvuka. Huyo shida yake ni nishati na nguvu, na kumbania tui wakati huo ni kumuongezea maradhi. Mpikieni uji uliotiwa tui, samaki aliyetolewa miiba, viazi vilivyopondwa, kidogo kidogo mara nyingi, na awepo mtu wa kukaa naye mpaka amalize. Kama amekuwa mlegevu wa kumeza, msimlishe akiwa amelala. Kama usahaulifu umeanza ghafla, ndani ya siku chache, pamoja na homa au kuanguka, mpelekeni hospitali ya Kilindoni upesi, kwani huenda ni ugonjwa mwingine wenye tiba.

Na msimgombeze kwa swala aliyoirudia wala kwa saumu aliyoivunja kwa kusahau kuwa ni Ramadhani. Akili inapoondoka, kalamu nayo huinuliwa. Ya kwetu sisi tuliobaki na akili ndiyo ingali inaandika.

Wallahu a'lam. Tuyachukue maswali, mama zetu waanze, kabla ya adhana ya Magharibi.